Roy Yuko Wapi Leo

Connie Sugden alifungua droo ya juu ya kabati, akapitisha mkono chini ya mashuka mpaka nyuma kabisa, akagusa mbao tupu. Akatoa shuka moja moja na kuyakung'uta juu ya kitanda. Picha haikuwemo. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na saba ya Februari, siku aliyozaliwa Roy. Kila mwaka siku hiyo, mumewe akiwa kazini, alikuwa akiitoa picha ile, akaitazama kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha akairudisha mahali pake. Hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka huu mume alikuwa nyumbani, kwa sababu wachimba makaa ya mawe walikuwa wamegoma, umeme ulikatwa kwa zamu, na kiwanda cha sufu kilikuwa kimewapa watu mapumziko ambayo hakuna aliyeyaomba.

Alishuka ngazi polepole. Jikoni, Norris alikuwa mezani amevaa koti, akiandika anwani kwenye vibandiko kwa mwandiko wake wa kikatibu. Binti yao Hazel, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amechuchumaa mbele ya moto akibanika mkate kwa uma mrefu.

"Norris, picha ya Roy iko wapi?"

"Picha ipi?"

"Kwani unazo ngapi?"

Norris aliiweka kalamu chini, akaisawazisha iende sambamba na ukingo wa meza. "Iko kwenye sanduku," alisema.

"Sanduku gani?"

"La Duru, Connie. Nilikuwa sina picha nyingine. Wiki mbili hizi umeme ukija mimi nimelala, nikiamka umekatika. Ningesafisha picha kwa mshumaa? Na mimi ndiye katibu. Mimi ndiye ninayewaandikia wengine barua za kuwakemea wakituma sanduku bila picha yao. Ningelituma vipi bila yangu?"

Hazel aligeuka, uma bado mkononi. "Baba, Roy ndiye yule kaka?"

Katika nyumba ile jina hilo lilikuwa halijatamkwa kwa sauti kwa muda mrefu, na sasa lilikuwa limetamkwa mara mbili ndani ya dakika moja. Mkate ukaungua.

Duru ilikuwa kundi la watu kumi na wawili waliotawanyika nchi nzima, wote wagonjwa wa picha. Walipiga wenyewe, wakasafisha wenyewe kwenye vyumba vya giza walivyovibuni ndani ya mabafu na stoo za makaa, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuonana. Kila mmoja alitia picha moja kwenye sanduku la mbao lenye mkanda wa ngozi. Sanduku likaenda kwa posta nyumba hadi nyumba, likikaa siku nne kila mahali. Mwenye nyumba alikuwa na wajibu wa kuandika maoni yake juu ya kila picha, kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma yake, hata kama alichonacho ni kusema tu kwamba haina ubaya. Likikurudia, unatoa picha yako pamoja na maneno ya watu, unatia mpya, unaliaga. Norris alikuwa katibu kwa miaka kumi na minne na kanuni zote alizitunga yeye. Connie alikuwa amelipangusa vumbi sanduku lile mara zisizo na idadi, na hakuwahi kulifungua.

"Kwa hiyo," alisema sasa, "umempeleka mwanangu kwa watu kumi na mmoja nisiowajua, wakamsahihishe kama daftari la shule."

"Wataangalia picha tu. Hawamjui."

"Ndicho ninachosema! Hawamjui! Watasema pua imekaa vibaya."

"Hawasemagi mambo ya pua."

"Norris, ni moja tu ile. Mafuriko yalichukua filamu zote kule chumba cha chini, unakumbuka au hukumbuki? Hakuna nyingine. Ikipotea posta, sina mtoto tena."

Norris alikumbuka. Alikuwa amesimama mle chini, maji ya mto magotini, akishuhudia miaka kumi ya kazi yake ikielea kama majani ya chai. Alichukua kofia yake.

"Nakwenda kumpigia simu Bi Lumley, wa kwanza kwenye orodha," alisema. "Litakuwa bado kwake."

*

Kibanda cha simu kilikuwa pembeni mwa barabara, mbele ya duka la samaki na chipsi lililofungwa kwa kukosa umeme. Norris alisubiri foleni nyuma ya mwanamke aliyekuwa akimweleza dada yake habari za uvimbe, neno kwa neno, huku watu wanne wakisikiliza. Zamu yake ilipofika, vidole vilikuwa vimekufa ganzi na sarafu ya kwanza ikamponyoka. Akaiokota chini ya miguu ya watu.

"Kendal hapa," ilisema sauti ya kizee upande wa pili. Bi Lumley alikuwa mwalimu mstaafu wa mji wa Kendal, aliyepiga picha za kondoo.

"Sugden hapa, mama. Katibu."

"Bwana Sugden! Sanduku limefika jana, lipo hapa mezani mbele yangu. Kuna tatizo? Nilirudishe?"

Hapo lilikuwa limebaki neno moja tu, ndiyo. Norris alilifungulia mdomo. Nyuma yake kijana mmoja aligonga kioo kwa sarafu, na watu wa foleni wakamtazama.

"La," alisema. "Nilitaka kujua kama limefika salama, basi."

"Salama kabisa. Nimekuwa nikimtazama yule mtoto wako kwenye kiti. Ni nani yule?"

"Mtoto wa jirani," alisema Norris.

Akaweka simu mahali pake. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba wamechelewa, sanduku limeshaondoka kwenda Hereford, kwa mchungaji wa kanisa, mwanachama anayefuata. Uongo huo aliusema akiwa anavua kofia, na ulikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Ni kwamba kwa miaka ishirini alikuwa akiishi na kitu kisichotajwa, na sasa kule Kendal mtu alikuwa ameketi mbele ya uso wa Roy, anautazama, anatafuta neno la kuandika. Alitamani hilo liendelee. Aliona haya kulitamani, lakini alilitamani.

*

Kwa siku tatu Connie hakusema na mumewe ila mambo ya chumvi na mlango. Siku ya nne Hazel alichukua orodha ya Duru kutoka kwenye faili la baba yake, yenye majina, miji na tarehe, akaibandika ukutani karibu na jiko.

"Ili Mama ajue," alisema. "Leo yuko Hereford."

"Nani?"

"Roy."

Connie alifuta mikono kwa aproni, akasogea. Alisoma orodha nzima kwa kidole. "Hereford kuna nini?" aliuliza ukuta.

Norris alijibu kutoka mezani, kwa uangalifu. "Mchungaji ana bustani ya matufaha. Anapiga picha za matufaha tu. Ana mbwa wawili wanene."

"Roy aliogopa mbwa."

"Aliogopa kuku, Connie. Mbwa aliwapenda."

"Kuku?" Hazel alicheka. "Mtu anaogopa kuku?"

"Walimfukuza nyumbani kwa bibi yako," alisema Connie, na kabla hajajizuia alikuwa anasimulia, jinsi mtoto alivyopanda juu ya pipa la maji na kukataa kushuka mpaka kuku wote waombe radhi.

Basi ukawa ndio mtindo wa nyumba. Mchana Connie alikwenda kushona vifungo kwenye kiwanda cha makoti, siku ambazo palikuwa na umeme. Jioni walikula mapema, viazi na soseji au maharage juu ya mkate, na kabla ya uma wa kwanza mmoja wao aliuliza: Roy yuko wapi leo? Yuko Bristol kwa yule fundi saa. Yuko Exeter kwa kina dada wawili wasioolewa wanaopiga picha madirisha ya kanisa. Norris alitoa barua za zamani akawasomea, ili wajue nyumba zilivyo, zina ngazi ngapi, zina harufu gani. Dada mmoja wa Exeter aliwahi kuandika kwamba sanduku wao huliweka juu ya piano ili lisipate unyevu.

Connie alilala na hayo yote. Alipofumba macho aliona piano, na mtoto mwenye koti dogo lililofungwa mpaka kidevuni ameketi juu yake, miguu inaning'inia. Aliona matufaha yakianguka bila sauti. Roy hakuwahi kutoka mji ule ila kwenda hospitali ya Leeds, na kurudi, na kwenda. Sasa alikuwa anapita nchi nzima, anakaa siku nne siku nne kama mgeni mwenye adabu, anaamkia watu, anaondoka. Asubuhi Connie aliamka amepumzika, na alishangaa, kisha alijisikia vibaya kwa kupumzika, kisha akaenda kazini.

"Wiki hii yuko Truro," alisema Hazel katikati ya Machi. Umeme ulikuwa umerudi, watu wamerudi viwandani. "Kwa Bwana Tregear. Huyu ni nani, Baba?"

"Mfamasia mstaafu. Anaona bahari kutoka dirishani. Mtu makini sana, anajua kuliko sisi wote."

"Bahari," alisema Connie. "Tulimwahidi bahari."

"Tulimwahidi," alisema Norris, na akaunyoosha mkono juu ya meza. Connie hakuushika mkono huo, lakini hakusogea pia.

*

Sanduku lilirudi Jumamosi moja ya mwisho wa Aprili, saa nne asubuhi. Mtu wa posta hakupata hata nafasi ya kugonga. Connie alilipokea mwenyewe, akaliweka juu ya meza iliyokwisha kupanguswa, akavaa sweta lake zuri. Hazel alimtania: "Mama, unampokea mfalme?" Norris aliufungua mkanda. Alitoa kondoo wa Kendal, matufaha, saa, madirisha. Roy alikuwa wa mwisho.

Norris aliiona kwanza, na uso wake ukabadilika. Alitaka kuirudisha ndani, lakini mkono wa Connie ulikuwa umeshafika.

Ilikuwa picha ya mtoto kwenye kiti cha jikoni, uani, jua limempiga usoni, kichwa amekigeuza kidogo kushoto. Upande huo wa kushoto ndipo palipokuwa na mkono wa mwanamke, shati limekunjwa mpaka kiwikoni, ukiingia kutoka pembeni na kupotea nyuma ya mgongo wa mtoto. Sasa haukuwepo. Picha ilikuwa imekatwa, kwa wembe na rula, karibu kabisa na sikio la Roy. Ilikuwa imekatwa vizuri. Mtoto aligeukia ukingo, akitazama mahali pasipo na kitu.

"Wamenikata," alisema Connie.

Hazel aliigeuza picha, akasoma karatasi ya maoni kwa sauti, maana hakuna mwingine aliyeweza.

Bi Lumley: *Mtoto huyu ana macho ya mtu aliyekwisha kuelewa jambo. Sijui kwa nini nimerudi kumtazama mara nyingi.*

Mchungaji: *Mwanga mzuri. Ule mkono pembeni unavuruga.*

Fundi saa: *Nakubaliana na mchungaji kuhusu mkono. Ni wa nani? Umwambie asogee.*

Kina dada wa Exeter: *Mpe pipi atabasamu!*

Bwana Tregear, Truro: *Picha njema iliyoharibiwa na uzembe. Kwa mujibu wa kanuni ya nane nimechukua uhuru wa kuondoa upande wa kushoto. Bwana Katibu akisafisha nyingine kutoka kwenye negativu yake ataona faida.*

Na waliofuata baada yake wote, mmoja baada ya mwingine: *Bora sasa. Safi. Tregear amemaliza kazi.*

"Kanuni ya nane inasema nini?" aliuliza Hazel.

Norris aliijua kwa moyo. Aliitunga mwenyewe, kwenye meza hiyohiyo, akiwa anajivunia. "Mwanachama anaruhusiwa kukata kingo za picha ili kuonyesha anachomaanisha," alisema, "kwa kuwa mwenyewe anaweza kusafisha nyingine."

Kwa watu wa Duru hilo lilikuwa jambo la kawaida kama kupuliza chai. Picha ya karatasi kwao haikuwa kitu, kitu kilikuwa filamu, ile negativu inayoweza kutoa picha nyingine. Waliandika juu ya picha za wenzao kwa kalamu ya nta, walizikata, walizikunja, na hakuna aliyewahi kununa. Asingetokea hata mmoja wa kufikiri kwamba mtu wa Duru, na tena katibu, angeweza kumiliki picha isiyo na negativu. Norris mwenyewe, usiku alioitia sandukuni, aliwaza mambo mengi, lakini kanuni yake hakuiwaza.

"Ningeweza kulirudisha," alisema.

"Nini?"

"Ile siku ya simu. Lilikuwa bado Kendal. Bi Lumley aliniuliza, nilirudishe? Nikasema la. Akaniuliza mtoto ni nani. Nikasema wa jirani."

Hazel alitazama chini. Connie aliivuta picha karibu na kifua, akasema kwa sauti ndogo kabisa, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele: "Kwa nini, Norris?"

"Kwa sababu ni lazima waandike!" Machozi yalikuwa yameshamtoka na hakuyafuta. "Kila mmoja ni lazima aandike kitu. Ndiyo kanuni. Watu kumi na mmoja wangelazimika kukaa naye na kumsema. Hapa nyumbani hatumsemi, Connie. Tangu siku ile tumeufunga mdomo, wewe na mimi, na yule msichana amekua anapita kwenye ngazi kama anapita kanisani. Mimi nilitaka mtu amtaje tu. Hata kumkosoa. Hata kusema shingo imepinda."

"Ungenitajia mimi."

"Nilikuogopa."

Connie alipanda juu. Walimsikia akifungua droo na kuifunga.

*

Barua ya kwenda Truro ilimchukua Norris siku tano. Mtu ambaye aliweza kuandika kurasa mbili juu ya rangi ya wingu alikwama kwenye *Ndugu Tregear*. Alipoituma hatimaye ilikuwa na mistari minne: picha haina negativu, mtoto ni wangu, alifariki, ule ukingo umeuweka wapi? Akaibandika stempu mwenyewe, akaisukuma ndani ya sanduku la posta kama anayeingiza mkono ndani ya mzinga.

Jibu lilikuja. Bwana Tregear alikuwa na jiko la makaa kwenye chumba chake cha giza, na vipande vyote alivyokata alivitia humo. Alikuwa amepekua majivu. Alikuwa amepekua mpaka pipa la nje, mzee wa miaka sabini na sita, na hakupata kitu. Alijiuzulu Duru. Alisema hatagusa wembe tena maishani, na kwamba kama Bi Sugden angependa kumtukana yupo tayari kusafiri ili atukanwe ana kwa ana.

Norris alimpa mkewe barua hiyo. Alisimama kando, akisubiri kama mtoto aliyevunja sahani.

"Maji yameshamwagika," alisema Connie alipomaliza. "Mwambie asisafiri. Nauli ghali."

Na nyumba ikarudi kimya. Si kimya cha hasira. Kilikuwa kile cha zamani, wanachokijua wote, kilichofika na kukalia kiti chake. Orodha ilikuwa bado ukutani, tarehe zote zimepita. Kwenye meza ya Norris sanduku lilisubiri duru mpya. Alikuwa ameamua kulipeleka Kendal pamoja na faili la ukatibu na kuachana na mambo hayo kabisa. Hakuna aliyemzuia. Walikula, wakaosha vyombo, wakasikiliza redio.

Jumanne jioni, Hazel alikuwa amechoka, ametoka benki alikofanya kazi ya kupiga chapa. Aliketi, akavuta sahani yake ya pai, akanyanyua uma, na mdomo ukamtangulia akili kwa mazoea ya miezi miwili:

"Roy yuko wapi leo?"

Akajiuma mdomo. "Samahani, Mama. Nimesahau."

Connie alimtazama. Alimtazama binti huyo aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya kaka yake kuondoka, akalelewa kwa minong'ono, na ambaye kwa majira mafupi ya baridi, katika baridi na giza la mgomo, alikuwa na kaka. Alijua habari za kuku. Alijua kwamba Roy aliita makaa ya mawe "sukari ya shetani". Hayo yote aliyajua kwa sababu mtoto alikuwa njiani, na mtu akiwa njiani watu humzungumza.

"Yuko droo ya juu," alisema Connie, "chini ya mashuka." Na alipoyasikia maneno yake mwenyewe, alisukuma sahani.

"Norris."

"Naam."

"Sanduku linaondoka lini?"

"Nilisema kesho. Bila picha yangu. Namkabidhi Bi Lumley."

"Humkabidhi mtu. Mrudishe Roy ndani."

Norris alidhani hakusikia vizuri. "Connie, picha iliyozunguka mara moja hairudi. Ni kanuni ya—"

"Kanuni ya nani?"

Alifikiri. "Yangu," alisema.

"Basi."

"Lakini, Mama," alisema Hazel, "watamkata tena. Wataanza, oh, kwa nini anatazama ukingo, oh, nafasi haitoshi kushoto."

"Ndiyo maana nataka karatasi. Nyeupe, na gundi. Na huyo Bwana Tregear, Norris, mwandikie kujiuzulu kwake kumekataliwa. Roy alipenda kwake, kuna bahari."

Norris alileta karatasi. Alileta na kalamu yake nzuri ya wino, ile asiyomwazima mtu. Connie hakuwahi kuandika maoni juu ya picha yoyote maishani. Alikaa mbele ya karatasi muda mrefu, mpaka pai zikapoa zote tatu, na mara mbili alinyanyua picha akaitazama dirishani, jua la Mei likiwa bado juu ya mapaa. Hazel aliosha vyombo bila kugonganisha hata kijiko. Norris alifungua daftari la kanuni, akapiga mstari juu ya ya nane, kisha akaketi mikono imelala magotini.

Connie alipomaliza alimpa asome. Alisoma akiwa amesimama, halafu akaketi akasoma tena. Akapaka gundi nyuma ya picha kwa brashi, akaibandika karatasi, akailaza pembe kwa pembe kwa kiganja, na wote watatu waliisoma pamoja ikiwa imekauka:

*Mwanachama wa kumi na tatu. Connie Sugden, mama yake.*

*Mkono mliosema unaharibu ulikuwa wangu. Haukuingia kwa bahati mbaya. Mwezi ule Roy hakuweza tena kukaa bila kushikwa. Nilimwambia nitasogea kidogo Baba akupige picha nzuri, akasema usiniache, na sikumwacha. Ndiyo sababu anatazama upande. Alikuwa ananitazama mimi.*

*Si mtoto wa jirani.*

*Msimkate tena. Kaeni naye siku zenu nne, kisha mpelekeni mbele.*